Kinanda Walichokiita Friji

Miaka kumi na mitatu nilizuga kupiga kinanda mbele za watu, na kila Jumapili walinipigia makofi.

Siku moja tu nikapiga kweli. Ukumbi mzima ukanizomea.

Na aliyenimaliza siku hiyo hakuwa hata mmoja wa waliozomea. Alikuwa amekaa kimya meza ya pili kutoka mbele, kavaa shati nililompigia pasi mimi mwenyewe asubuhi ile.

Ngojeni niwape yote tangu mwanzo, maana nimekaa na hili jambo kifuani mpaka limeota kutu.

Naitwa Nives. Nimezaliwa Castelfidardo, Italia, nimeolewa Castelfidardo, na sioni dalili ya kuzikwa pengine.

Mji wetu ni wa akordioni. Hapa mtoto anaijua harufu ya nta ya kugandishia vibati vinavyolia ndani ya akordioni kabla hajaijua harufu ya darasa. Babu fundi akordioni, baba fundi akordioni, shangazi yuko jikoni anakata ngozi za akordioni huku mchuzi wa nyama unachemka pembeni.

Halafu watu wakazichoka. Vijana wakataka vitu vya umeme. Wenye viwanda wakasoma upepo, wakaacha akordioni wakaanza kuunda vinanda vya umeme. Nusu ya mji ikahamia huko.

Mchumba wangu Elvio alikuwa mmojawapo. Alikuwa na sikio yule mwanaume, acheni tu. Alianza kusawazisha sauti za akordioni hajaota hata ndevu.

Mwaka 1983 kiwanda chao kikatoa sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe. Ilikuwa ya kwanza, na ikawa ya mwisho. Wakaipa jina la mlima wetu, Conero.

Ilikuwa na sauti sita. Maana yake ukibonyeza kwa vidole sita pamoja, kila kidole kinapata sauti yake, na kila sauti inapikwa na umeme unaopita njia yake yenyewe. Hakuna kompyuta humo. Ndiyo maana zile sauti hazikufanana hata siku moja, kama mama sita wa kwaya wanaoimba noti ileile kila mmoja na koo lake.

Elvio akaongeza la kwake. Kwenye akordioni, noti moja ina vibati viwili, na fundi anavipishanisha sauti kidogo kwa makusudi ili sauti itetemeke. Elvio akaifanyia Conero vilevile, kwa sikio.

"Sasa inapumua," akaniambia.

Bahati mbaya hakuna aliyeinunua. Wajapani walishaleta vinanda vyepesi vya bei poa, hii yetu nzito haina jina. Kabla ya Krismasi kiwanda kikafungwa, na mafundi wakaambiwa kila mtu achukue kilichobaki, atokomee nacho.

Wenzangu walivishwa pete. Mimi nililetewa Conero, Elvio na binamu yake wakiipandisha ngazi huku wakitukana mpaka mama akajifunika uso.

"Hii ndiyo pete yako," akasema, anahema.

"Naivaa kidole gani?"

"Vyote kumi."

Nikaolewa kwa neno hilo.

Sasa aingie Learco Tassinari. Maestro Learco.

Alikuwa na bendi ya dansi, ile ya walzi na mazurka, inazunguka kumbi zote kuanzia Rimini mpaka Ancona. Mwanaume mrefu, nywele zimelowa mafuta, akordioni nyekundu begani. Alikuja kwetu kutafuta mpiga kinanda. Akaiangalia Conero, akaangalia milango, akaiangalia tena.

"Binti, unapiga vizuri. Ila hilo friji linapita wapi?"

Wanabendi wakacheka. Tangu siku hiyo Conero ikaitwa friji. "Nives, leo friji lina bia?" Kila wikiendi utani uleule, na wenyewe wanacheka upya kabisa.

Mwaka uliofuata tukaingia studio kurekodi walzi moja inaitwa "Jua la Numana". Katikati kuna sehemu ya Learco peke yake, akordioni tupu. Akapiga. Akarudia. Mtu wa mitambo akavua vifaa vya masikioni, akakuna kichwa.

"Maestro, usinichukie. Inasikika kama akordioni ya kila mtu."

Learco akatoka nje kuvuta sigara, kanuna.

Mimi nilikuwa nimekaa na friji langu limeshapata moto, maana likiwa baridi halikuimba sawasawa. Nikaanza kuipiga ile sehemu, basi tu, kupoteza muda. Mtu wa mitambo akageuka ghafla kama kaitwa na marehemu.

"Hiyo! Usiache! Rudia hiyo!"

Haikuwa akordioni, na haikuwa kinanda pia. Ilikuwa kama akordioni inayomlilia mtu aliyeondoka. Learco alirudi, akasimama mlangoni, sigara ikamuunguza vidole hajijui.

"Tutaiweka kwa chini kidogo," akasema. "Kusindikiza akordioni yangu."

Santuri ilipotoka, mle ndani hapakuwa na akordioni yoyote. Walifuta yake yote, wakaacha yangu.

Na redioni mtangazaji anapaza sauti: "Sikilizeni, wapenzi wasikilizaji, akordioni ya Learco Tassinari!"

Nilimfuata. Nilikuwa bado binti mwenye adabu.

"Maestro, ile ni mimi."

"Najua ni wewe, Nives. Mimi kiziwi? Acha iuze msimu huu. Mwakani nitakutangaza jukwaani mwenyewe."

Mwakani.

Ile sauti ndiyo iliyoujenga ufalme wake. Nyimbo nyingine alipiga mwenyewe, na alijua kupiga, sitamsingizia. Ila kwa "Jua la Numana" tulifungulia kanda. Yeye anavuta na kusukuma akordioni, anafumba macho, jasho linamtoka. Kanda inapiga vidole vyangu. Na mimi nimesimama mita moja kutoka kwake, nazuga.

Nilikataa kitu kimoja tu. Nilikataa kuzuga kwenye kinanda kilichozimwa. Niliiwasha Conero mapema ipate moto, naifunga sauti, halafu naipiga ile sehemu yote, noti kwa noti. Haisikiki, lakini vidole vinajua.

Mafundi wa kwetu walikuwa wanapanda jukwaani kuichunguza akordioni ya Learco. Wazee wazima, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hicho ni chuma cha kabla ya vita," anasema mmoja. "Hakipatikani tena."

"Chuma gani wewe! Ni nta. Kachanganya nta na kitu."

"Ni mkono, jamani. Mkono haufundishwi."

Wanabishana hivyo mpaka mate yanaruka. Na wakichoka kushika glasi zao za divai, wanaziweka juu ya Conero.

Jamani. Juu ya Conero.

Sikutaka makubwa. Nilitaka Jumapili moja tu Learco ashike maikrofoni aseme: sauti hii ni ya Nives. Basi. Nilimkumbusha kila mwaka, na kila mwaka jibu lilikuwa mwakani, mpaka nikaanza kulichukia hilo neno hata kwenye kalenda.

Sasa turudi kwa Elvio wangu.

Kiwanda kilipofungwa alirudi kwenye akordioni, karakana ya mzee mmoja anaitwa Gualtiero. Akordioni zilikuwa zinaanza kupendwa tena. Na kilichozipendesha kwetu ni hiyohiyo walzi. Gualtiero hakulala, akatoa toleo lenye maandishi ya dhahabu kifuani: "Sauti ya Tassinari". Watu wakaja kuzinunua mpaka kutoka ng'ambo.

Fundi aliyesawazisha sauti zake alikuwa Elvio.

Jioni alikuwa anarudi ananiambia, "Mke wangu, hebu nipigie ile noti." Nampigia. Anafumba macho, anasikiliza. Kesho yake anaenda kukwangua vibati vifanane na nilichompigia.

Mimi mjinga nilidhani hayo ni mapenzi.

Tufike 1997, Jumapili ya mwezi wa kumi na moja. Dansi ya mchana, hapahapa Castelfidardo. Ukumbi umejaa mpaka kina mama wanabadilishia viatu koridoni.

Wiki hiyo Learco alikuwa ameniambia, "Nives, safari hii tunapiga kwenu. Mbele ya watu wako. Nitakutaja."

"Kweli, Maestro?"

"Nife hapa kama nakudanganya."

Nikashona gauni la buluu. Asubuhi nikamwambia Elvio, alikuwa ananyoa ndevu. Wembe ukasimama shavuni.

"Leo? Leo leo?"

"Leo leo."

Alimalizia kunyoa taratibu sana. Nikafikiri furaha imemkaba.

Mchana akakaa meza ya pili kutoka mbele, pamoja na Gualtiero na mke wa Gualtiero.

Learco akatambulisha bendi. Akamtaja mpiga ngoma. Akamtaja mwimbaji. Akamtaja mpaka dereva wa gari letu, akamtaka asimame apigiwe makofi, na dereva akasimama mdomo umejaa mkate.

Mimi hakunitaja.

"Na sasa," akasema, "ule mnaousubiri." Akafumba macho. Kanda ikaanza.

Watu wakaingia kati, kifua kwa kifua. Learco anavuta, anasukuma. Mimi napiga bila sauti, machozi yananilenga, naapa moyoni kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Ndipo ile mashine ya kanda ikaitafuna kanda.

Ilitoa mlio kama paka kakanyagwa mkia, halafu kimya. Learco akabaki anapanua akordioni na hakuna kinachotoka. Alisahau hata kubonyeza. Watu mguu mmoja hewani.

Mkono wangu ukafungua sauti ya Conero.

Sikuwaza. Ulikwenda wenyewe. Na walzi ikaendelea palepale ilipokatika, sauti ileile, bila hata kukosa hatua.

Wakaendelea kucheza! Wengine wakacheka, wakadhani ni mbwembwe za Maestro. Nusu dakika ile, wallahi, ndiyo nusu dakika pekee ya maisha yangu ambayo watu walicheza kwa vidole vyangu na mimi nipo.

Kisha wakaanza kugutuka. Learco alikuwa ameiacha akordioni ining'inie, kainamia mashine ya kanda, makalio kwa watu, anavuta utepe kwa vidole. Na "akordioni yake" bado inalia.

Vichwa vikageuka kimoja kimoja kunitazama.

Nikajisemea, sasa wamejua. Nikanyoosha mgongo.

"We mama! Zima hiyo mashine!"

Alikuwa mzee mmoja mbele. Mwingine akadakia, "Hatukuja kusikiliza vinanda vya umeme! Hivyo ndivyo vilivyotuua!" Na kweli, mle ndani kulikuwa na watu walioachishwa kazi ya akordioni kwa sababu ya vinanda, wakaachishwa tena vinanda vilipokufa. Chuki yao ilikuwa na sababu, ila iliniangukia mimi.

"Inakwaruza masikio!"

"Tunataka akordioni!"

Miluzi. Kuzomea. Mkate ukaruka, ukanipiga begani.

Sauti ileile! Ileile iliyowaliza kwa miaka kumi na mitatu! Ila safari hii waliona inakotoka.

Nikaacha kupiga, nikachukua maikrofoni ya Learco.

"Hii ndiyo sauti ya 'Jua la Numana'," nikasema. "Haijawahi kuwa akordioni. Ni mimi, na hii Conero, tangu studio mwaka 1984. Conero imeundwa hapahapa mjini kwenu!"

Kicheko. Mtu akapiga kelele, "Friji limeongea!"

"Basi muulizeni aliyeiunda! Yupo hapa. Elvio! Simama, mume wangu. Waambie."

Ukumbi ukatulia. Mji huu unamwamini Elvio. Kwa mambo ya sauti, Elvio akisema ni nyeusi, ni nyeusi.

Akasimama. Alinitazama mimi kwanza. Halafu akamtazama Gualtiero, ambaye alikuwa haangalii mtu, anakunjakunja kitambaa cha mezani.

Elvio akasema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Mnisamehe, ndugu zangu. Mke wangu amechoka sana siku hizi."

Akakaa.

Sikusikia kilichofuata. Niliona tu midomo. Nakumbuka mwanamke mmoja akiniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko mkate.

Learco alikuwa ameshapachika kanda ya akiba. Akavaa akordioni, akafumba macho. Vidole vyangu vikaanza tena kulia kwenye spika, na watu wakapiga makofi, wakakumbatiana, wakacheza. Wazee walifuta machozi. Mimi nikashuka jukwaani kwa ngazi ya nyuma.

Nyumbani supu ikapoa mezani.

"Ulitaka niseme nini?" akaanza yeye.

"Ukweli."

"Ukweli! Karakana ina watu kumi na wawili, Nives. Wote wanakula kwa sababu ya maandishi yale ya dhahabu. Nikisema ni umeme, kesho nani ananunua? Gualtiero anafunga. Wao watakula nini? Sisi tutakula nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe una mimi."

Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi. Nilikuwa nimeshika kijiko. Nilikiweka chini polepole, maana nilijua nikikishika zaidi kitamfikia usoni.

Sikurudi kwenye bendi. Walimpata msichana mzuri, mwembamba, na kinanda cha kisasa unachobeba kwa mkono mmoja. Nilimwona mara moja kwenye sherehe ya mavuno. Alizuga vizuri. Hakuwa na habari anazugia vidole vya nani.

Learco akafa mwaka 2009. Kanisani waliweka akordioni nyekundu juu ya sanduku, wakafungulia "Jua la Numana". Padri akasema mikono ile Mungu aliiumba mara moja tu. Nilikuwa benchi la tatu, mikono yangu mapajani.

Gualtiero naye akazeeka, karakana ikafungwa. Elvio akastaafu. Mnaniuliza kwa nini sikumwacha. Nina majibu mengi, na yote ni ya kijinga. Kubwa ni kwamba nilijiambia alilazimika. Nilijiambia ni njaa ilisema pale ukumbini, siyo yeye. Nikalishika hilo kwa mikono miwili zaidi ya miaka ishirini, na ndilo lililonifanya niendelee kumpigia pasi.

Mpaka mwaka juzi.

Akaja bwana mmoja kutoka Torino, anaitwa Edoardo. Anakusanya vinanda vya zamani. Alisikia kwamba huku kuna Conero iliyobaki nzima, akaendesha gari siku nzima kuja kuiona. Aliigusa kama anagusa mtoto mchanga.

"Mama, hamjui mlichonacho. Zilitoka chache mno. Watu waliipuuza kwa sababu haina jina kubwa, lakini hii..."

Nikaiwasha. Tukanywa kahawa ikipata moto. Nikakaa, nikapiga "Jua la Numana", yote, mpaka mwisho.

Yule bwana akabaki mdomo wazi. Macho yamemlowa.

"Mama, hii ni ajabu! Umeipata kabisa akordioni ya Tassinari! Umejifunzaje kuiiga hivyo?"

Elvio alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya biskuti.

Niligeuka nikamtazama mume wangu. Nilimwachia nafasi. Learco yuko kaburini. Gualtiero hana karakana. Wale kumi na wawili wanakula pensheni zao. Hapakuwa na wa kumwogopa nchi nzima. Ilikuwa jikoni kwetu, mgeni mmoja, na mimi.

Elvio akaweka biskuti mezani. Akatabasamu.

"Amesikiliza sana redio," akasema.

Kisha akamkaribisha mgeni sukari.

Nikazima Conero. Siku ileile nilimwambia Edoardo apige simu waje watu wa kuibeba, aondoke nayo, sitaki hata senti. Elvio aliuliza kuna nini. Nikamwambia navua pete.

Sasa nalala chumba alichokuwa analala mama. Pasi anajipigia mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma, somo langu ni hili, na nimelilipia ujana wangu wote. Mtu wako akikukana hadharani siku moja, usikimbilie kumtafutia sababu. Ngoja siku ambayo hana sababu yoyote, halafu muulize tena. Ila usingoje muda wote niliongoja mimi.